Mikanda Miwili ya Stesheni Masta

Katika chama chetu cha kodiani, wimbo ukiisha hakuna anayepiga makofi. Watu hukaa kimya, mikono mapajani, wakimtazama mpigaji kana kwamba wanamdai maelezo. Mgeni akiona hivyo hudhani tumechukia.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, kodiani ni kinanda cha kubeba kifuani. Upande wa kulia una vibao vyeupe na vyeusi, upande wa kushoto una vitufe vya sauti nzito, na katikati kuna mikunjo inayofunguka na kufungwa ikivuta hewa na kuitoa. Mikunjo hiyo sisi tunaiita mapafu. Juu na chini ya mapafu kuna mikanda miwili mifupi ya ngozi, yenye vifungo vya kubana, ili kodiani isijifungue yenyewe ikachanika. Kwetu wimbo haujaisha mpaka mkanda wa juu ulie tak, na wa chini nao ulie tak. Hapo ndipo makofi.

Kanuni hiyo aliiweka mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli ambaye watu wote hapa Mpanda, kuanzia Makanyagio mpaka Nsemulwa, walimwita Stesheni Masta. Jina lake la ubatizo nilikuwa nalijua, lakini sikuwahi kulitumia, na nikilitumia sasa naona nitakuwa namsimulia mtu mwingine. Siku hizi anaishi Tabora kwa binti yake. Wanachama wakikutana barabarani bado wanaigiza sauti yake, na mimi nikiwasikia nacheka, halafu njia nzima nawaza kama kumcheka mtu asiyekuwepo ni vibaya.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinijibu ujumbe kwa neno "sawa" na akaweka nukta mwishoni, nakosa usingizi nikitafuta nilipomkosea. Nilipomaliza chuo nikarudi kwa shangazi yangu Nsemulwa kusubiri kazi. Kila tangazo la ajira nililisoma na kulirudia mpaka nikapata sababu ya kwa nini hawanitaki. Shangazi alichoka kuniona ndani. "Toka basi hata ukatembee," alisema, "ukuta huo umeshaukariri."

Ndivyo nilivyofika, jioni moja, mlangoni mwa darasa la chekechea pale Makanyagio ambalo chama kilikuwa kinaliazima baada ya watoto kuondoka. Nilisikia muziki kwa ndani. Nikasimama nje nikiwaza kama nibishe hodi katikati ya wimbo au nisubiri uishe. Wimbo ukaisha, hakuna aliyepiga makofi, nikaona labda haujaisha. Nikaendelea kusimama. Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu aliyevaa koti zito la bluu, na jua lile la Mpanda.

"Unasubiri nini wewe?"

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa..."

"Marahaba. Nimekuuliza unasubiri nini."

"Nilikuwa nasubiri mmalize."

"Hakuna abiria anayesubiri treni imalize safari ndiyo apande. Ingia." Akageuka ndani, akatangaza kwa sauti ya spika ya stesheni: "Umechelewa, lakini umefika!"

Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu, waliitikia kwa pamoja: "Umefika!"

Maneno hayo alimwambia kila aliyechelewa. Sehemu ya kwanza aliisema kwa ukali kabisa, ukajuta kuzaliwa, na ya pili kwa upole, kama anayekupokea mzigo. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye njia ambayo treni huweza kuchelewa mpaka wenye vifaranga kwenye matenga wakaanza kuviuza pale pale. Alisema huko ndiko alikojifunza kwamba aliyechelewa si tatizo, tatizo ni asiyekuja.

Hata hivyo mwenyewe alikuwa hachelewi. Saa kumi jioni alifungua kikao hata kama darasani yupo peke yake na picha ya tembo ukutani. Mama Mchele, mwanachama mwanamke wa siku nyingi, mwenyeji wa Mpimbwe anayeuza mchele sokoni, aliwahi kumkuta anasoma ajenda kwa viti.

"Nani kaunga mkono?" akamuuliza toka mlangoni.

"Huyo wa pili kutoka dirishani," alijibu bila kugeuka. "Ana akili kuliko wewe, amewahi."

Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu wa saa, akishika kodiani, hakuwa na mwendo unaoeleweka. Alianza taratibu, akakimbia, akapunguza, akakimbia tena. Mama Mchele, aliyejifunzia kwenye kwaya za kanisani na ambaye hata wimbo wa harusi akiupiga unasikia ubani, alikuwa akimlalamikia. "Stesheni Masta, sisi tufuate lipi?" Naye alijibu kwamba treni ikipanda mlima huwezi kuiambia ikimbie. Nilipomuuliza mbona njia yetu ya kwenda Kaliua ni tambarare tu, alikuwa na jibu tayari. "Wewe umesoma," alisema, "lakini hujawahi kubeba mizigo ya watu."

Alikuwa na wimbo wake mmoja, alioutunga mwenyewe, na kila jioni ya wanachama aliufanya wa mwisho. Jioni ya wanachama ni siku ambayo kila mmoja wetu anapiga wimbo mbele ya wenzake na majirani, akiwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu, ambacho ndicho kiti pekee cha mtu mzima mle darasani. Wimbo wa Stesheni Masta ulikuwa safari. Treni inaondoka, inashika kasi, halafu katikati inasimama porini bila sababu, kama zinavyosimama. Hapo alinyamaza kabisa, mapafu ya kodiani yakiwa wazi, mpaka mtu fulani akohoe kwa kuchoka. Kikohozi ndicho kilichokuwa bendera ya kijani. Treni ikaondoka.

Ukimya huo ulikuwa mtego. Nadhani aliutega makusudi. Mwaka nilioingia chamani, mama mmoja aliyealikwa kama mgeni rasmi, amevaa kitenge kipya kilichopigwa pasi kikasimama chenyewe, alidhani wimbo umeisha. Akapiga makofi peke yake.

"Nani huyo?" Stesheni Masta aliuliza.

"Mimi. Hongera sana, mzee wangu, umetuburudisha."

"Treni iko porini, mama, na wewe umeshashuka. Njoo mbele."

Maana kanuni ina adhabu yake. Anayepiga makofi kabla ya mikanda kufungwa hupelekwa mbele, akapiga magoti, akamfungia mpigaji mikanda yote miwili wimbo unapoisha. Mpigaji hana kosa, wimbo wake unahesabiwa kama kawaida, kana kwamba amefunga mwenyewe. Mwenye kosa ni yule mwenye haraka. Mgeni rasmi alisubiri amepiga magoti na kitenge chake mpaka treni ikafika, akahangaika na vile vifungo, tak, tak, na darasa likalipuka. Aliondoka anacheka. Mzee wa Litapunga, mfugaji wa Kisukuma anayekuja na kodiani yake nyuma ya bodaboda ndani ya mfuko wa mbolea, alisema hajawahi kuona kiongozi amefanya kazi hadharani namna ile.

Kanuni yenyewe haikuwa ya mchezo. Chama kilipoanza, mpigaji mmoja alishangiliwa, akasimama kuinamia watu bila kufunga. Kodiani ikafunguka kwa uzito wake, mapafu yakachanika mbele ya wote. Waliiziba kwa gundi ya baiskeli na vipande vya khanga, na mpaka leo ile kodiani ikivuta hewa inasikika kama mtu mwenye pumu. Na Mpanda hakuna anayeuza kodiani. Tulikuwa nazo tatu za chama, na watu tulikuwa wengi kuliko hizo.

Hapo ndipo penye kanuni ya pili, ambayo nayo ni yake. Aliyepewa kodiani ya chama kukaa nayo nyumbani lazima apige jioni ya wanachama, mwanzo hadi mikanda. Asipopiga, au akipiga na asifunge mwenyewe, anaikabidhi pale pale kwa anayefuata kwenye zamu. Mwaka mmoja Mama Mchele alikuja na homa, anatetemeka, akaomba asamehewe.

"Kanuni haina homa," Stesheni Masta alimwambia.

"We mzee una roho ya chuma cha reli."

"Piga hata mstari mmoja. Mradi ufunge."

Akapiga mstari mmoja, akafunga, akalia kwa hasira. Yule yule Stesheni Masta alimsindikiza kwake kwa miguu akiwa amembebea kodiani, na kesho yake alikuwa sokoni tangu asubuhi anauza mchele kwa niaba yake. Aliuza vibaya, anabishana na wateja. Lakini aliuza.

Ndivyo alivyokuwa. Kusaidia watu alisaidia bila kuombwa, kwa nguvu, kama anayekamata mwizi. Kusaidiwa hakutaka. Kodiani aliyokaa nayo, moja ya zile tatu za chama, aliibeba mwenyewe kwenye baiskeli hata mvua ikinyesha, na dereva wa bodaboda akimsogelea alimwambia, "Mimi nimepitisha injini, kijana, wewe utanipitisha wapi?" Mara moja nilimshikia mlango. Aliusubiri ujifunge, akaufungua mwenyewe, akapita.

Mimi alinifundisha kwa uvumilivu nisiouelewa mpaka leo. Somo la kwanza halikuwa na sauti. Kuna kitufe cha hewa pembeni mwa kodiani, ukikibonyeza mapafu yanafunguka bila kutoa mlio. Aliniambia nikae nivute na kutoa hewa tu, jioni nzima.

"Nikosee wapi sasa?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana nimekupa. Nataka uone inavyokuwa usipotafuta kosa."

Sikuona. Nilitumia jioni ile nikiwaza kama navuta vizuri. Lakini nilirudi, na nikarudi tena, na baada ya muda nikawa ndiye ninayefuata kwenye zamu ya kodiani. Yaani mwenye kodiani ya chama yeyote akishindwa, inakuja kwangu. Nilikuwa naitamani mno. Nikilala niliviona vile vibao. Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi kwenye ukingo wa meza, na shangazi ananiuliza, "Unaipapasa meza yangu inaumwa?"

Halafu Stesheni Masta akapata kiharusi.

Hakikuwa kikubwa, alisema binti yake aliyetoka Tabora kumuuguza. Maneno yalirudi, mguu ukarudi. Bega la kushoto lilirudi pia. Vidole vya mkono ule ndivyo vilivyobaki vimelala. Nilikwenda kumwona nikamkuta amekaa kitandani na koti lake la bluu, kodiani mapajani.

"Naviita," alisema akiutazama mkono. "Vinanitazama tu, kama abiria wasio na tiketi."

Nilicheka kidogo, nikaogopa kwamba nimecheka.

"Jioni ya wanachama imekaribia," akasema. "Na wewe ndiye unayefuata. Umeshatafuta mahali pa kuiweka? Usiiweke karibu na jiko. Wala chini ya dirisha, mvua za huku zinapiga kwa pembeni."

"Stesheni Masta, usiseme hivyo."

"Nimekuuliza mahali."

"Chini ya kitanda," nilijibu, na nikajichukia, kwa sababu nilijibu haraka mno. Nilikuwa nimeshapapima.

Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema baba yake usiku haachi kuishika, na kwamba wakimnyang'anya ile hajui ataamka kwa ajili ya nini. Nilirudi Nsemulwa kwa miguu nikiwaza. Kama namwombea apone, namwombea kweli? Au namwombea ili nionekane, mbele ya Mungu, kwamba sikuitaka kodiani? Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshajihukumu pande zote mbili.

Kwenye kikao, Mama Mchele alipendekeza kanuni ibadilishwe. Mwenyekiti alikuwa amekuja kwa kutembea, fimbo mkononi, na alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani anaunga mkono?"

Mikono yote ikapanda, wangu wa kwanza.

"Haijapita," alisema.

"Sisi sote tumenyoosha!"

"Nikiibadilisha siku inayonibana mimi, siku ilipowabana nyie ilikuwa ya nani? Wewe uliipiga na homa. Nikurudishie nini?"

Mzee wa Litapunga akasema polepole kwamba kwao ng'ombe mzee hapelekwi mnadani kwa sababu tu amechechemea. Stesheni Masta akamjibu kwamba yeye si ng'ombe, na kikao kimefungwa.

Jioni ya wanachama ikafika. Darasa lilijaa, majirani wengine walisimama madirishani. Jua lilikuwa bado juu ya mabati ya nyumba za mbele, na watoto wa chekechea wawili watatu walikuwa wamerudi kuona watu wazima wamekalia viti vyao. Nilipiga mapema, kwa kodiani ya kuazima ya Mama Mchele. Nilikosea mara ambazo nikitaka naweza kuzitaja zote, nikafunga, nikapigiwa makofi, sikuyasikia. Mama Mchele akapiga, ubani ukajaa chumba. Mzee wa Litapunga akaitoa yake kwenye mfuko wa mbolea, akapiga wimbo wa kuswaga ng'ombe mpaka watu wa dirishani wakaanza kupiga miluzi.

"Wabeja!" akashukuru kwa Kisukuma, akafunga mikanda, tak, tak. "Sasa Masta. Njia ni nyeupe."

Stesheni Masta alikwenda kwenye kiti cha mwalimu. Fimbo aliiegemeza ubaoni. Mkono wa kushoto aliupitisha mwenyewe kwenye mshipi wa kodiani kwa kuusukuma na wa kulia, kama anayemvalisha mtoto shati. Hakuna aliyemsogelea. Tulikuwa tunamjua.

Akaanza. Sauti nzito za kushoto hazikuwepo. Bega lilivuta na kusukuma mapafu, na mkono wa kulia peke yake ukaiondoa treni stesheni. Ilikuwa treni nyepesi, isiyo na mabehewa. Ilipanda mlima wake, ikashuka. Ikasimama porini. Tulikaa. Hakuna aliyethubutu kukohoa, mpaka nikaona tutalala pale. Mwishowe Mzee wa Litapunga akakohoa kikohozi kikubwa cha uongo, na safari ikaendelea, taratibu, ikafika. Mapafu yakafungwa.

Ikabaki mikanda.

Alibana kodiani kwa kiwiko cha kushoto, akavusha mkono wa kulia kuufikia mkanda wa juu. Kiwiko kikateleza. Mapafu yakafunguka kwa pumzi ndefu, hhhaaa, kama mtu aliyechoka. Akayafunga tena. Akavusha tena mkono. Hhhaaa. Mtoto mmoja alicheka, akazibwa mdomo.

Mama Mchele alikuwa anatazama dari. Mzee wa Litapunga alikuwa anatazama makatambuga yake ya tairi. Binti wa Stesheni Masta alikuwa mlangoni, mkono kifuani. Nani angemsaidia? Akisaidiwa amefungiwa, na akifungiwa kodiani imeondoka, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kusema. Hhhaaa, ikatoka mara nyingine. Jasho lilikuwa linamshuka hadi kwenye kola ya koti.

Nilikuwa nawaza, ndiyo. Nilikuwa nawaza kwamba nikienda nitamwaibisha, nisipoenda nitamwacha, kwamba kila mtu mle ndani anajua kodiani hiyo inakuja kwangu, kwamba labda wanasubiri waone uso wangu, kwamba sijui uso wangu umekaaje. Nilikuwa katikati ya hayo niliposikia mtu anapiga makofi. Nikageuka kumtafuta. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaitazama mikono yangu, na ilikuwa bado inapiga.

"Nani huyo?" Stesheni Masta aliuliza.

"Mimi."

"Mwanachama? Aliyefundishwa na mimi?"

"Ndiyo, Stesheni Masta."

"Mikanda imefungwa?"

"Haijafungwa."

Kimya kilikuwa kirefu kuliko kile cha porini. Kisha Mzee wa Litapunga akaruka kutoka kwenye kiti chake kidogo, kikabaki kimemng'ang'ania nyuma. "Kosa hilo, mayu, mama yangu! Kosa kubwa! Adhabu!"

"Adhabu!" Mama Mchele akapaza sauti, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. "Apelekwe mbele! Amezidi haraka huyu, hawa wasomi wana haraka!"

"Adhabu! Adhabu!" likaitikia darasa zima, na watoto nao, wasiojua wanamwadhibu nani.

Nilikwenda nikapiga magoti. Kwa karibu koti lake lilinukia sabuni ya mche na mafuta ya taa. Alinyoosha kidevu, akatazama mbele juu ya kichwa changu kama askari anayevalishwa nishani, akaniachia kodiani bila kunitazama. Nikayabana mapafu kwa viganja vyote viwili. Nikafunga mkanda wa juu, tak. Wa chini ukanikimbia, nikaukamata.

Akainama kidogo, mdomo ukawa karibu na sikio langu.

"Umechelewa," alisema kwa ule ukali wake.

Mkanda wa chini ukalia tak. Sehemu ya pili sikuisikia. Makofi yalikuwa yameshaanza.